Uzi maalumu: Utani wa kanisani kwa Wamormoni, na kwa nini tuuandike kwa Kiswahili

Mluguru wa Milimani (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za Jumapili.

Niko bonde la Salt Lake, Utah, Marekani, mwaka wa nane sasa, na ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Jina hilo refu ndilo tunaloombwa kulitumia tangu 2018, hata kwaya maarufu ya hapa mjini ikaondoa neno Mormoni kwenye jina lake mwaka huohuo. Kwenye kichwa cha uzi nimeandika Wamormoni ili mjue nawasema akina nani.

Juzi wakati wa matangazo, mshauri wa askofu alisimama akasoma karatasi niliyomwandikia: "Jumamosi saa mbili asubuhi akidi ya wazee itasaidia familia moja kuhama. Familia inasema ina vitu vichache tu. Akidi inaombwa kufunga na kuomba." Kanisa zima liliangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alicheka hadi akavua miwani. Akidi ya wazee ni kundi la wanaume watu wazima wa kanisa, na kila mwanamume mle ndani amewahi kuambiwa "vitu vichache" akakuta piano ya mbao kwenye chumba cha chini, ngazi nyembamba, na mwenye nyumba bado anatafuta maboksi.

Nimekuwa nikiviandika vijambo hivi kwenye daftari: matangazo ya kubuni, mashairi mafupi, barua za mzaha. Wenyeji wa huku wanavyo tele kwa Kiingereza. Vya kwetu kwa Kiswahili sijaviona, wakati waumini wanaosali kwa Kiswahili wapo Nairobi, Dar, Lubumbashi na hapahapa Salt Lake. Nimefungua uzi huu tuviandike. Naanza na viazi.

Huku mtu akifariki, akina mama wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa kanisa, huwapikia wafiwa, na hawakosi bakuli moja la viazi vilivyokunwa, vikachanganywa na siagi, jibini, maziwa mazito na supu nzito ya kopo, juu yake wakamwaga kornfleksi zilizovunjwavunjwa, kisha vikaingia ovenini. Jina lake ukilitafsiri ni *viazi vya msiba*, na wanaliita hivyo waziwazi bila kuogopa mkosi. Mara ya kwanza nilipovila nilikumbuka ubwabwa wa msibani kwetu, ule wa sufuria kubwa unaopikwa na majirani huku mwenye msiba hajui hata nani kaleta mchele.

*Msiba ukiingia, viazi viko njiani,*
*Jibini inanukia, vitunguu vimo ndani,*
*Wafiwa twawalilia, sahani ziko mezani,*
*Mla ubwabwa sikia, Utah unaye mtani.*

Karibuni.

Mpare Asiyeyumba:

Mkuu, hongera kwa tarbia, mizani imekaa. Ila nina swali. Mimi nawajua wale vijana wawili wa shati jeupe, tai na beji kifuani, wanatembea juani pale mtaani kwetu. Wana nidhamu mpaka unawaonea huruma. Hao watu na utani wapi na wapi?

Mluguru wa Milimani:

Swali zuri mkuu. Wale vijana wako kazini, ndiyo maana wamekaza uso. Wakirudi nyumbani baada ya miaka miwili utawasikia.

Nikupe historia kidogo. Watu hawa walifika bonde hili mwaka 1847, jangwa tupu, ziwa la chumvi pembeni. Walianza kujenga hekalu lao la mawe mwaka 1853 na hawakulimaliza hadi 1893, miaka 40. Lakini jumba la michezo ya kuigiza, Salt Lake Theatre, lilifunguliwa mwaka 1862. Yaani walikuwa na mahali pa kuigiza na kucheka miaka 31 kabla hekalu halijawekwa wakfu. Brigham Young mwenyewe, kiongozi wao, ndiye aliyelisimamia jumba hilo. Mimi jambo hilo hunigusa sana. Watu waliofukuzwa huku na kule, wamezika watoto njiani, wanafika jangwani na kuona kwamba jukwaa ni hitaji kama mfereji wa maji.

Karne ya ishirini wakawa na desturi nyingine. Vijana wa kila kata, yaani kila usharika wa kanisa, wanatunga mchezo mfupi wa nyimbo na vichekesho, mavazi wanashona wenyewe, kisha usiku mmoja wanapakia kila kitu kwenye magari na kuuonyesha kanisa hadi kanisa. Wazee wa huku wakianza kusimulia jinsi pazia lilivyowaangukia, chakula kitapoa.

Na yuko J. Golden Kimball, aliyezaliwa 1853, mrefu, mwembamba, mwenye sauti kali ya juu. Ujanani alikuwa mswagaji wa nyumbu. Mwaka 1892 akawa mmoja wa marais saba wa Sabini, yaani mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, lakini lugha ya nyumbu haikumtoka mdomoni. Alikuwa akihubiri, katikati ya mahubiri linachomoka neno la zizini. Masimulizi yanasema aliulizwa kama haogopi kutengwa na kanisa, akajibu hawawezi, kwa sababu yeye hutubu upesi mno, na neno la zizini likiwemo ndani ya jibu lenyewe. Alifariki 1938 kwa ajali ya gari, na mpaka leo watu ambao hata babu zao hawakumwona wanazisimulia hadithi zake kama za mjomba wao.

Mlinda Aya:

Samahani mwanzisha uzi. Mimi pia ni muumini, na sipendi ninachosoma hapa. Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyetu vya maandiko, sehemu ya 88 imesema tuache kicheko. Nyumba ya Mungu si kijiwe.

Mluguru wa Milimani:

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima, maana ulichotaja kimeandikwa kweli. Sehemu ya 88 ilitolewa Kirtland, Ohio, kati ya Desemba 1832 na Januari 1833, na inasema kicheko kilichopita kiasi tukitupe mbali. Lakini fungua sehemu ya 59, ya Agosti 1831, ile ya siku ya Sabato. Inakataza kicheko kingi, na hapohapo inataka moyo wa furaha na uso mchangamfu. Sasa uso mchangamfu unauvaaje kama umeshonwa mdomo?

Na Joseph Smith, nabii aliyeanzisha kanisa, anapoeleza ujana wake mwenyewe, anakiri kwamba alikuwa na wepesi wa mzaha na alipenda kukaa na watu wachangamfu, tena anasema ndiyo tabia aliyozaliwa nayo. Alijilaumu kwa hilo, sikatai. Lakini aliliandika, na limo kwenye maandiko yetu.

Mimi mipaka yangu ni hii. Mkate na maji ya sakramenti siyagusi. Ya hekaluni siyagusi. Machozi ya mtu anayetoa ushuhuda siyagusi. Vinabaki viti, viazi, watoto, magari, mikutano iliyozidi muda na karatasi za kujiandikisha. Hapo pana shamba la kutosha.

Kasri la Tanga:

Mimi Mwislamu lakini nafuatilia. Nimesikia nanyi mnafunga. Mnafunga vipi? Isije ikawa ile ya "mpaka saa nne asubuhi".

Mluguru wa Milimani:

Hahaha, karibu sana ndugu yangu. Tunafunga Jumapili ya kwanza ya mwezi, milo miwili, bila kula wala kunywa, na fedha ya hiyo milo tunaitoa kwa ajili ya wahitaji. Ninyi wa mwezi mzima mna haki yote ya kututania, na nitakaa kimya.

Ila sikiliza kinachotokea siku hiyo. Hakuna mhubiri aliyepangwa, yeyote anapanda mimbarini kutoa ushuhuda. Watoto wadogo hawafungi, kwa hiyo kila mama ana mfuko wa nafaka kavu za kifungua kinywa, zile pete ndogondogo, za kuwanyamazishia. Saa imekwisha, tumbo linanguruma, mzungumzaji ni wa tisa, na mtoto wa miaka miwili kwenye benchi la mbele anageuka, anakutazama machoni, anatia pete moja mdomoni polepole. Kisha ya pili. Nilimwandikia hivi mtoto mmoja wa kata yetu, na mama yake ameibandika kwenye friji:

*Ndugu wa tisa kasimama.*
*Pete moja imeanguka chini ya benchi.*
*Imeokotwa na aliyefunga, ikarudishwa kwa mwenyewe.*
*Malaika wameandika.*

Dada wa Umoja:

Hamjambo nyote. Mimi niko Nairobi, hekalu letu limewekwa wakfu Mei 18, 2025, bado tuna furaha ile. Huku kicheko chetu kikubwa ni hao wamisionari wanapojifunza Kiswahili. Mmoja alisimulia Krismasi kwetu, kijana mzuri, amejitayarisha wiki mbili. Akafika kwa wachungaji kondeni, akainua mkono: "Malaika akawaambia, *Msioge!*" Watoto wa Msingi, darasa la watoto kanisani, walishangilia kwa sababu walipata andiko.

Mwingine alitangaza, "Jumapili ijayo mimi nitafungwa." Mama mmoja akaruka, "Umefanya nini, mwanangu?"

Lakini nataka kusema, hatukumcheka tukamwacha hapo. Yule wa "msioge" alikuja kula kwetu kila Alhamisi, na mama yangu alimfundisha kiambishi kimoja kwa kila chapati. Akaondoka Kenya anatania kwa Kiswahili safi.

Mpare Asiyeyumba:

"Msioge" nimeipeleka kwenye kundi la familia. Watoto wangu nao wamepata andiko.

Lakini mwanzisha uzi, naomba unieleze. Kuna ile tamthilia kubwa ya muziki ya Marekani inayowacheka Wamormoni, wanapelekwa Uganda. Hiyo nayo ni utani?

Mluguru wa Milimani:

Hiyo ilianza Broadway mwaka 2011, imechukua jina la kitabu chetu kitakatifu kabisa, Kitabu cha Mormoni. Kanisa halikuandamana wala halikuitisha watu barabarani. Ilipofika Los Angeles mwaka 2012 lilinunua nafasi za matangazo ndani ya kijitabu kilekile wanachopewa watazamaji mlangoni, ujumbe wake ukiwa: mchezo mmeuona, sasa someni kitabu. Jibu hilo nalipenda mpaka kesho, na walilipia kihalali.

Kuhusu mchezo wenyewe nasema ninavyoamini. Waganda ndani yake wamewekwa kama pazia la nyuma, umaskini wao na magonjwa yao ndiyo chumvi ya kichekesho cha watu wengine. Wewe Mpare unajua utani ni nini. Mchaga anakuambia unakula fedha zako kwa kijiko, unamjibu kwamba yeye angeuza kijiko chenyewe. Mnacheka. Lakini siku una msiba, mtani wako ndiye anakuja kwanza, anafanya vituko makaburini, na hatoki mpaka kaburi limefukiwa. Ana ruhusa ya kukucheka kwa sababu ana wajibu wa kukuzika. Watunzi wa mchezo ule wana wajibu gani kwa Mganda?

Hata Mark Twain, yule mwandishi wa vichekesho wa Marekani, alikuwa mcheka wa kupita. Alipita Salt Lake mwaka 1861, na kwenye kitabu alichotoa 1872 akasema Kitabu cha Mormoni ni dawa ya usingizi, na kwamba ukiondoa "na ikawa kwamba" kitabaki kijarida. Mgeni huyo, amepita na gari la farasi, amekwenda zake. Sasa msikilize bibi mmoja wa kata yetu, amefundisha Shule ya Jumapili tangu ujana wake. Anaanza kila hadithi ya jikoni kwake kwa maneno hayohayo: "Na ikawa kwamba nilisahau hamira." Darasa linacheka. Mzaha ni ule wa Twain, lakini bibi huyu amekisoma kitabu jalada hadi jalada mara nyingi kuliko umri wangu.

Lubumbashi Kwetu:

Jambo ndugu. Mimi niko Salt Lake vilevile, tunasali kwa Kiswahili. Nauliza: umewahi kuandika utani ukaumiza mtu?

Mluguru wa Milimani:

Ndiyo ndugu, na nashukuru umeuliza.

Kwenye chakula cha pamoja cha kata moja niliyokuwamo nilisoma tangazo la kubuni. Kuna dada mmoja alikuwa analeta jeli ya kijani yenye karoti zilizokunwa ndani, kila mara, sahani ileile. Jeli ni kitu cha kujivunia huku, mwaka 2001 jimbo la Utah liliitangaza rasmi kuwa kitafunwa cha jimbo. Nikasoma kwamba jeli ile ina wito wake kanisani na itaidhinishwa kwa kuinua mkono wa kulia, kama tunavyomwidhinisha mtu anayepewa kazi kanisani. Ukumbi ukacheka, mikono ikainuliwa. Yeye alitabasamu kidogo, akatazama sahani. Mara iliyofuata akaja na mkate wa dukani, bado uko kwenye mfuko wa plastiki.

Ule mkate ulinikaa rohoni wiki nzima. Nikaenda kwake nikabisha hodi. Sikueleza mengi, niliomba radhi, kisha nikamuuliza inapikwaje. Akanionyesha: maji ya moto kwanza, karoti zinasubiri mpaka jeli ianze kushika, ukiziweka mapema zinazama zote chini. Tulikaa jikoni mpaka ikaganda. Hakuniambia amenisamehe, ila alinifungia nusu sahani niwapelekee wanangu.

Tangu siku hiyo anayetajwa hata kwa mbali husoma kwanza, na akikataa ninachana karatasi. Yule dada mwenyewe amekuwa msomaji wangu mkali kuliko wote. Lile tangazo la vitu vichache alinikatia sentensi mbili za mwisho, na ndiyo maana lilichekesha.

Mlinda Aya:

Nimesoma jibu lako lote. Hilo la kumpa mtu asome kwanza nakubaliana nalo. Mimi kwetu ndiye ninayefunga kanisa, funguo ninazo mimi, na kila wiki nakuta watoto wamesahau kiatu kimoja. Kimoja. Cha pili wameondoka nacho vipi?

Mluguru wa Milimani:

Ndugu Mlinda Aya, hiyo tayari ni hadithi. Iandike hivyohivyo, usiongeze kitu.

Kasri la Tanga:

Na chai je? Nasikia hamnywi chai. Mtu wa pwani akikukaribisha unasemaje?

Mluguru wa Milimani:

Hapa ndipo penye ushairi wetu wenyewe, Mmarekani hawezi kutuandikia. Neno la Hekima lilitolewa Februari 27, 1833, linakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, ambavyo kanisa linafafanua kuwa ni chai na kahawa. Kwao huku kahawa ndiyo mtihani, na wamejipatia mbadala: vibanda vya soda zilizochanganywa na krimu na maji ya matunda. Duka maarufu la namna hiyo, Swig, lilianzia mji wa St. George mwaka 2010, na foleni zake za magari asubuhi ni ndefu.

Kwetu mtihani ni chai, kwa sababu kwetu "karibu chai" ni salamu, ni kiti, ni "usiondoke". Nilipobatizwa, shangazi yangu Morogoro alikaa kimya sana kwenye simu, kisha akauliza: "Sasa ukija, nikupe nini mkononi?" Hakuuliza neno juu ya imani. Alitaka kujua atanikaribishaje. Nilipokwenda alikuwa amepanda mchaichai nyuma ya jiko, kichaka kizima, akauchemsha na tangawizi na kuniwekea kikombe kilekile cha zamani chenye maua. Hii ni yake:

*Karibu chai wasema, nami sinywi asilani,*
*Jiko nikalitazama, kikaniita kijani,*
*Mchaichai nachuma, nautia birikani,*
*Chai mbili zaungama, si chai iliyo ndani.*

Kasri la Tanga:

"Chai mbili zaungama." Mkuu, hapo umenimaliza. Nimemsomea mke wangu, anasema mpelekee shangazi salamu kutoka Tanga.

Mwanafunzi wa Tarbia:

Nami najaribu, mnisahihishe. Mimi niko akidi ya wazee, kazi yetu kila baada ya shughuli ni kukunja viti na kuvipanga kwenye toroli.

*Ibada ikimalizika, viti huanza safari,*
*Wazee wakivishika, kumi kumi kwa fahari,*
*Tai nyuma zageuka, jasho lao si la siri,*
*Malaika akishuka, vyake viti vi tayari.*

Mpare Asiyeyumba:

Mshororo wa kwanza, kipande cha kwanza, nimehesabu tisa. I-ba-da i-ki-ma-li-zi-ka. Vingine viko sawa.

Dada wa Umoja:

Mshororo wa nne usiguswe!

Mluguru wa Milimani:

Mpare ana haki, ni tisa. Mwanafunzi, tai kutupwa mgongoni ili zisinaswe na viti umeiona kwa macho, haijatoka kichwani, na mshororo wa nne ni wako milele. Kwa wa kwanza jaribu "Amina ikisikika", ni nane kamili, na kina kimebaki palepale. Tena ndivyo ilivyo, amina haijaisha vizuri na kiti cha kwanza kishalia *ta!*

Mwanafunzi wa Tarbia:

*Amina ikisikika, viti huanza safari…*

Asante mkuu. Jumapili naipeleka kwa rais wa akidi aisome kwanza, maana tai ni yake.